Anwani ya kurejea: jaribio linapita x86 na ARM, kwenye RISC-V linakosa kwa baiti 2

nop_wa_Githurai

Wadau, habari za jioni. Swali langu ni refu, kwa hivyo chukueni chai kwanza.

Ofisini kwetu Ngong Road tuko timu ndogo tunayounda zana ya kupima programu sambamba zilizoandikwa kwa OpenMP, kiwango cha kugawia nyuzi nyingi kazi ya programu moja. Zana yenyewe inajisajili kwa rantaimu (maktaba inayoendesha nyuzi hizo) kupitia OMPT, ile sehemu ya zana iliyoingia rasmi katika OpenMP 5.0 mwaka 2018. Kila uzi unapofika kwenye kizuizi, unapochukua kufuli, au unapofungua eneo sambamba, rantaimu inaita fanksheni yetu na kutukabidhi kielekezi kinachoitwa `codeptr_ra`. Hiyo ndiyo anwani ya kurejea: mahali ndani ya msimbo wa mtumiaji ambapo utekelezaji utaendelea rantaimu ikishamaliza shughuli zake. Bila hiyo, zana yetu inaweza kumwambia mteja "nyuzi zako zilisubiri sana" lakini haiwezi kumwonyesha ni mstari gani wa faili yake uliozisubirisha. Na mteja analipia mstari.

Sasa nahitaji majaribio ya kuthibitisha kwamba anwani tunayopewa ndiyo yenyewe. Siwezi kuiandika anwani ndani ya jaribio kama namba, kwa sababu keneli huipakia programu mahali tofauti kila inapoanza. Kwa hivyo jaribio linajikokotolea lenyewe: mara tu baada ya pragma (agizo la OpenMP kwa kompaila) kuna `nop` moja, amri isiyofanya kitu, kisha lebo, tunachukua anwani ya lebo na kurudi nyuma baiti kadhaa hadi pale wito wa rantaimu ulipoishia.

```
#pragma omp barrier
__asm__("nop");
lebo_1:
  chapisha_anwani((char *)&&lebo_1 - RUDI_NYUMA);
```

`RUDI_NYUMA` inatoka kwenye jedwali nililolikuta hapa. Aliyeliandika alishahamia kwingine. Linasema 1 kwa x86-64, 4 kwa AArch64 (ARM ya biti 64), 8 kwa RISC-V. Hakuna maelezo hata ya mstari mmoja kando yake.

Kwenye kipakatalishi changu (x86) yote yanapita. Kwenye bodi ya ARM yanapita, karibu kila mara, nitarudi kwa hiyo "karibu". Kwenye RISC-V hakuna hata moja linalopita, na yote yanakosa kwa kiasi kilekile. Hapa nimezima PIE (ile ya programu kupakiwa mahali popote) ili namba zisomeke:

```
uzi 1: codeptr_ra=0x105f8
uzi 1: iliyotarajiwa=0x105f6
```

Baiti 2. Nimejaribu kwenye bodi halisi na kwenye qemu, kiigizo cha mashine (stima ikipotea mtaani bodi hulala, qemu huendelea na betri ya kipakatalishi), jibu ni lilelile. Kwa hivyo bodi si ya kulaumiwa.

Maswali yangu. Kwanza, baiti 2 zinatoka wapi wakati RISC-V ina amri za baiti 4? Pili, kwenye ARM jaribio la nyuzi 4 hupita leo na kukataa kesho bila mtu kugusa chochote. Tatu, mwenzangu anasema tuache uchungu, tukubali anwani yoyote iliyo ndani ya baiti 16 za ile tunayoitarajia. Moyo wangu unakataa lakini sina hoja ya kumpa.

MzeeRejista

Binti, umeuliza vizuri kuliko wengi, ila umetubandikia matokeo na kutuficha ushahidi. Fungua faili ya jaribio kwa objdump, zana inayoonyesha amri za mashine zilizomo, utafute wito wa kizuizi, utubandikie mistari mitatu minne inayoufuata. Pia taja kompaila na swichi ulizotumia. Hapo nitakwambia baiti 2 zimetoka wapi. Nina dhana yangu lakini sitaki kubashiri kitu kinachosomeka.

nop_wa_Githurai

Mzee, shikamoo. Clang, `-O0` (bila kuboresha msimbo), `-fopenmp`, lengo ni rv64gc. Hii hapa:

```
105f4:  f3dff0ef   jal  10530 <__kmpc_barrier@plt>
105f8:  0001       nop
105fa:  0040006f   j    105fe
105fe:  ...        (lebo_1 iko hapa)
```

Sasa nauona huo `0001`, ni mfupi kuliko wenzake. Na hiyo `j` inayoruka kwenda palepale ambapo ingefika tu kwa kutembea, nani aliiweka?

MzeeRejista

Marahaba. Haya, tulia tusome pamoja.

Herufi ya mwisho katika rv64gc ni C, ya amri zilizobanwa. RISC-V ya msingi kweli ina amri za baiti 4, lakini nyongeza ya C inaruhusu nyingi zilizozoeleka kuandikwa kwa baiti 2, na `nop` ni mojawapo. Wewe uliandika `nop` kwenye jaribio, asembla ikaona inaweza kuibana, ikaibana. Haikukuuliza. Aliyetengeneza jedwali lenu alipima kwenye rv64g isiyo na C, au alisoma mwongozo na hakufungua faili. Kwake: 4 za `nop` na 4 za `j`, jumla 8. Kwako: 2 na 4, jumla 6. Toa 6 kutoka 0x105fe upate 0x105f8. Rantaimu ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo.

Hiyo `j` imewekwa na kompaila. Ukichukua anwani ya lebo kwa `&&`, lebo hiyo inakuwa mwanzo wa kipande kipya cha msimbo, na kwenye `-O0` Clang ya RISC-V hufunga kipande cha kabla yake kwa mruko wa wazi hata kama kinachofuata kiko mlangoni. Kwenye x86 mruko huo hauandikwi, ndiyo maana huko mnarudi baiti 1 tu, ile ya `nop` yenyewe, 0x90. Utauliza mbona `j` nayo haikubanwa ikawa baiti 2. Ni kwa ajili ya linka, programu inayounganisha vipande vya msimbo: kwenye RISC-V linka ina ruhusa ya kufupisha msimbo wakati wa kuunganisha, kwa hivyo umbali wa mruko haujulikani kwa uhakika mapema, na asembla inachagua umbo refu ili kujilinda.

Na kuna siku utakuta `j` mbili. Ikiwa hiyo `nop` yenyewe inafikiwa pia kwa tawi lingine, tuseme kizuizi kinafuata `single` (sehemu ya uzi mmoja tu), basi kipande cha wito nacho kinafungwa kwa mruko wake. Hapo ni 10. Kwa hivyo kwa rv64gc jaribio likubali 6 au 10. Kwa rv64g, 8 au 12. Watu wa LLVM (mradi wenye Clang na rantaimu yake) wanafanya hivyohivyo kwenye majaribio ya OMPT: kwa kila usanifu wanachapisha anwani zaidi ya moja inayowezekana, na jaribio linapita ikiwa `codeptr_ra` ni mojawapo. Kutofautisha rv64gc na rv64g si kazi, kompaila hutangaza `__riscv_compressed` yenyewe.

Kitu ambacho ningependa ukielewe kabla hujabadilisha namba: jedwali lile si orodha ya urefu wa amri za prosesa. Ni orodha ya vitu ambavyo kompaila fulani, kwa swichi fulani, iliviweka kati ya wito na lebo yako. Umeshuka Roysambu halafu unarudi kwa miguu kutafuta mahali ulipotaka kushuka; hatua utakazopiga zinategemea dereva alisimama wapi, si urefu wa miguu yako.

KambaZaPwani

Mzee amemaliza la RISC-V. Niongeze la usanifu mwingine maana nimeona jedwali lina nafasi tatu tu, na mteja wenu akiwa na mashine kubwa itawauma.

POWER, prosesa za IBM, ndiyo iliyonipendeza zaidi. Huko `nop` ni baiti 4, lakini mnarudi 8. Kwa nini? Kwa sababu baada ya kila `bl` (amri ya wito) inayokwenda nje ya maktaba yako, kompaila inaacha `nop` yake yenyewe. Si uvivu. Ni kiti kilichowekewa mtu: linka ikigundua kwamba fanksheni inayoitwa iko kwenye maktaba nyingine, inakibadilisha kiti hicho kuwa `ld r2,24(r1)`, yaani kurudisha kielekezi cha jedwali la anwani (TOC) ambacho wito ulikiharibu. Hivyo anwani ya kurejea inaelekeza kwenye hiyo ya linka, kisha ndiyo inafuata `nop` yako. Na wito unaorudisha thamani unaweza kuongeza amri ya kuhifadhi, basi 12.

s390x: amri zina urefu wa 2, 4 au 6. LLVM inahesabu 2 kwa `nop` na 6 kwa kuhifadhi thamani iliyorudishwa, kwa hivyo 2 au 8. LoongArch: 4, au 8 mruko ukiwepo. AArch64: 4, au 8 thamani ikihifadhiwa. Hapo kwenye AArch64 jedwali lenu lina 4 pekee, siku mtakapojaribu pragma ambayo nyuma yake kuna fanksheni inayorudisha thamani, kama `single`, litawakataa.

x86 vilevile: 1 kwa fanksheni isiyorudisha kitu, 4 kwa inayorudisha, kwa sababu ya `mov` ya baiti 3 inayoweka `eax` (rejista ya thamani iliyorudishwa) kwenye staki. Lakini angalieni sana hiyo 3. Ni 3 wakati nafasi ya kuhifadhi iko karibu na `rbp` (rejista ya msingi wa staki), ndani ya baiti 128. Ukitangaza safu kubwa ndani ya fanksheni ya jaribio, umbali hautoshi tena kwenye baiti moja, na `mov` ileile inakuwa baiti 6. Jaribio linavunjika kwa sababu mtu aliongeza `double a[100]` mahali ambapo hapahusiani kabisa. Weka fanksheni za majaribio haya fupi na kavu.

Kuhusu swali la tatu, mwenzako na baiti 16 zake. Hoja ya kumpa ni hii: kwenye AArch64 baiti 16 ni amri nne. Kwenye `-O0`, kati ya wito mmoja wa rantaimu na unaofuata huenda kuna amri chache hivyo tu: pakia kielekezi, pakia namba ya uzi, ita. Rantaimu ikikupa anwani ya wito uliotangulia, jaribio lako litacheka na kupita. Na hilo ndilo kosa hasa mnalotaka kulikamata. Kwenye x86 baiti 16 zinaweza kuwa amri tano au sita, kwa hivyo "16" hata haina maana moja kwa mashine zote.

Ila sisemi hakuna mahali pa kulegeza. Eneo sambamba lenyewe, yaani `#pragma omp parallel`, halina njia nyepesi. Mwili wake kompaila inauhamisha kwenda fanksheni nyingine kabisa, halafu Clang inaita `__kmpc_fork_call` na GCC inaita `GOMP_parallel`. Huwezi kupachika lebo yako mara tu baada ya wito huo kwa uhakika. LLVM kwa hali kama hiyo huchapisha anwani ya kukadiria: wanatupa tarakimu mbili za mwisho za heksadesimali, yaani wanabaki na kitalu cha baiti 256, na kukubali pia kitalu jirani endapo mpaka umekatiza katikati. Ni pana, lakini wanajua kuwa ni pana na wanaitumia pale tu pasipo na njia nyingine.

uzi_mmoja

Sasa wasee, mbona hakuna aliyegusa swali la pili? Hilo ndilo linaninyima usingizi kazini.

Dada, jaribio linalopita leo na kukataa kesho na lina nyuzi 4, kabla ya kushuku anwani, shuku mpangilio wa mistari. Unachapisha `codeptr_ra` kutoka kwa fanksheni ya zana na anwani inayotarajiwa kutoka kwa programu. Nyuzi nne zinachapisha pamoja. Ikiwa kilinganishi chako kinasoma faili kutoka juu kwenda chini, kuna siku uzi wa 3 utajipenyeza katikati ya mistari miwili ya uzi wa 1, na utakuwa unalinganisha anwani za nyuzi mbili tofauti ukidhani ni za mmoja.

Dawa ni rahisi. Kila mstari uanze na kitambulisho cha uzi, kisha kabla ya kulinganisha:

```
./jaribio | sort --numeric-sort --stable
```

Hiyo `--stable` usiisahau. Bila hiyo, mistari yenye kitambulisho kimoja inapangwa upya kwa herufi, na unapoteza mfuatano wa matukio ndani ya uzi. Ukiwa nayo, kila uzi unabaki na hadithi yake kwa mpangilio wake. Mistari yako inaanza na neno "uzi", itoe hiyo, mwanzo uwe namba tupu. Na kila mstari uchapishwe kwa `printf` moja, usigawanye mara mbili.

La pili, je, mnaangalia kizuizi cha mwisho wa eneo sambamba, kile kisichoandikwa? Uzi mkuu tu ndio uliotoka kwenye msimbo wa mtumiaji na utarudi huko. Nyuzi nyingine zinaishi ndani ya rantaimu, zinangoja kupewa kazi. Hazina mahali pa kurejea kwenye faili ya mtumiaji. Rantaimu ya LLVM inazipa `NULL` hapo, na kanuni za OMPT zinaruhusu `NULL` pale ambapo anwani haiwezi kuhusishwa na msimbo. Ukiandika jaribio linalodai anwani kamili kwa nyuzi zote nne, litakukataa kihalali.

nop_wa_Githurai

Nimerudi. Nimebadilisha kwa mpangilio mliotoa. RISC-V inapita kwa 6, na kwenye jaribio la `single` nimeiona ile 10 kwa macho yangu: `j` mbili, moja kabla ya `nop`, moja baada. ARM nimeweka namba ya uzi mbele na `sort`, na tangu hapo imetulia. Nimeiacha ikizunguka usiku kucha kwenye bodi na asubuhi hakuna kilichokataa.

Mwenzangu wa baiti 16 nilimwonyesha objdump ya AArch64 yenye wito mbili za rantaimu zilizokaribiana kuliko dirisha lake. Alinyamaza, halafu akasema tungetumia 12. Tunaendelea na mazungumzo.

Swali moja limebaki. Mteja mmoja anakusanya programu zake za ARM kwa `-mbranch-protection=pac-ret`. Kuna hatari gani? Nimesikia kwamba anwani ya kurejea hutiwa saini.

MzeeRejista

Hutiwa saini kweli. Fanksheni ikianza, `paciasp` inachanganya anwani iliyo kwenye x30 (rejista ya anwani ya kurejea) na ufunguo wa mchakato pamoja na thamani ya kielekezi cha staki, na matokeo yanaingia kwenye biti za juu ambazo anwani ya kawaida haizitumii. Ikisomwa hivyohivyo inaonekana kama anwani ya sayari nyingine. Ukiona `codeptr_ra` yenye takataka juu na tarakimu za chini zinazofanana na unazozitegemea, usitafute zaidi. Amri ya kuisafisha ni `xpaclri`. Lakini kumbuka ni msimbo upi umetiwa saini: anwani inasomwa ndani ya rantaimu, kwa hivyo la muhimu ni rantaimu yenyewe ilikusanywa kwa swichi ipi, si programu ya mteja peke yake.

Maadamu tumefika hapo, tazameni rantaimu inaipata wapi hiyo anwani. Inatumia `__builtin_return_address(0)`, na lazima iitumie mlangoni, kwenye fanksheni ya kwanza kabisa ambayo mtumiaji aliiita. Ukishaingia ngazi mbili ndani, `(0)` inakupa anwani iliyo ndani ya rantaimu yenyewe, na kuandika `(1)` au `(2)` kutafuta nyuma ni kucheza na staki ambayo huenda haina viungo vya kuifuata. Ndiyo maana LLVM huihifadhi mlangoni kwenye rekodi ya uzi, kisha sehemu za ndani huichukua kutoka huko na kuifuta. Makosa mengi ya `codeptr_ra` niliyoyaona hayakuwa ya hesabu ya baiti. Yalikuwa ya mlango mmoja uliosahauliwa: mtu ameongeza njia mpya ya kuingia, hasa zile za upande wa GCC, na hakuihifadhi. Jaribio lenu litakamata hayo ikiwa tu halikulegezwa.

Na mashine nyingine zina mila zao. ARM ya biti 32 ikiwa kwenye Thumb, biti ya chini kabisa ya anwani ya kurejea ni 1, kuonyesha hali ya prosesa. Itoe kabla ya kulinganisha. MIPS ya zamani ina amri moja baada ya wito ambayo hutekelezwa kabla ya kuruka, kwa hivyo kurejea ni baiti 8 kutoka kwenye wito, si 4. SPARC inaweka kwenye rejista anwani ya wito wenyewe, na unaongeza 8 mwenyewe. Sidhani kuna mteja Nairobi atakayewaletea SPARC, lakini mwaka huu nimeona mengi.

KambaZaPwani

Jambo dogo kabla hamjafunga. Mkishathibitisha anwani, zana itaigeuza kuwa mstari wa faili. Toeni 1 kwanza. Anwani ya kurejea inaelekeza amri *inayofuata* wito, na hiyo inaweza kuwa tayari ni ya mstari mwingine wa chanzo. Mkiipeleka kwa addr2line ilivyo, mteja ataonyeshwa mstari ulio chini ya kizuizi chake na atawaambia zana imelewa. Ukitoa baiti moja unaangukia ndani ya amri ya wito, na addr2line haijali kuwa uko katikati ya amri. Hii inafanya kazi kwa usanifu wote tuliotaja isipokuwa zile zenye amri ya ziada baada ya wito, ambako utaangukia kwenye hiyo ya ziada. Kwa kawaida bado ni mstari uleule.

Ila kutoa 1 ni kwa kuonyesha tu. Kwenye jaribio linganisha anwani yenyewe, usiiguse.

uzi_mmoja

Na kwa nini msiachane na jedwali lote? Baada ya jaribio, hati ndogo ifungue faili kwa objdump, itafute mstari ambao anwani yake ni `codeptr_ra`, iangalie kama mstari ulio juu yake ni wito wa `__kmpc_barrier`. Hakuna 6, hakuna 10, hakuna 12.

KambaZaPwani

Nimefanya hivyo mahali fulani. Inafanya kazi, na ni kali kuliko jedwali, kwa sababu inathibitisha pia *ni fanksheni ipi* iliyoitwa. Masharti: soma kutoka mwanzo wa fanksheni kwenda mbele, usirudi nyuma kutoka kwenye anwani. Kwenye x86, ambako amri ni za baiti 1 hadi 15, kurudi nyuma ni kubahatisha, unaweza kupata "wito" usiokuwepo. Na PIE ikiwa imewashwa, toa kwanza mahali programu ilipopakiwa. Tatizo ni muda tu, na kwamba kila mashine ya majaribio inahitaji objdump inayoujua usanifu husika. Bodi ndogo inayojaribu mamia ya faili itakesha.

nop_wa_Githurai

Nitatumia zote mbili basi. Jedwali kwa kila jaribio la kila siku, likiwa na anwani mbili kwa kila usanifu na maelezo kando ya kila namba kwamba ni amri zipi zimehesabiwa. Hati ya objdump itakuwa ya usiku, kwenye kipakatalishi, si kwenye bodi, kwa faili zilizokusanywa kwa usanifu wote. Ikikuta wito na jedwali havikubaliani, jedwali ndilo litakalobadilishwa.

Atakayehitaji nakala ya hati aniandikie, nitaiweka ikishapita POWER kwenye qemu. Usiku huu inakwama pale ambapo `nop` imegeuzwa kuwa `ld r2,24(r1)`. Hati haina shida na hiyo, anwani inaishika vizuri. Shida ni jina la wito, maana kwenye POWER `bl` inakwenda kwenye kipande cha linka chenye jina refu linalobeba `plt_call` ndani yake. Nikishalikata jina hilo nitarudi.